Farasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu asili yake na maisha yake na binadamu

Maswali haya hurudi kila mazungumzo ya farasi yanapoanza. Yameanzia kwenye ya msingi, na yale ya pembeni yamewekwa mwishoni. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Asili

1. Farasi alitokea wapi kwanza?

Amerika Kaskazini. Wengi hutarajia kusikia Uarabuni au Mongolia kwa kuwa huko ndiko sifa zake zilikovuma, lakini visukuku vinaonyesha ukoo wake ulikulia Amerika Kaskazini kwa zaidi ya miaka milioni 50. Jenasi ya Equus, inayowajumuisha farasi, punda na punda milia, ilijitokeza kama miaka milioni 4 iliyopita.

Katika zama za barafu, maji mengi yaliganda na kina cha bahari kikashuka, hata nchi kavu ikaunganisha Alaska na Siberia. Makundi ya wanyama hawa yalivuka hapo kwenda Asia, kisha yakaenea Ulaya na Afrika. Hata punda milia wa mbuga za Afrika ni kizazi cha wavukaji hao.

2. Farasi wa mwanzo alifananaje, na vidole vyake vilikwenda wapi?

Babu wa mbali kabisa, aitwaye Eohippus, aliishi kama miaka milioni 55 iliyopita. Kimo chake kilikuwa cha mbwa mdogo. Alikula majani laini na matunda msituni, akitembea kwa vidole vinne kila mguu wa mbele na vitatu kila mguu wa nyuma.

Kilichombadilisha ni nyasi. Hali ya hewa ilipokauka, misitu ilirudi nyuma na nyika zikatanda. Nyasi ni chakula kigumu: zina chembechembe zinazosaga meno, na huliwa pamoja na mchanga. Waliozaliwa na meno marefu walidumu. Isitoshe, nyikani hakuna pa kujificha, na usalama ni mbio. Vizazi kwa vizazi miguu ikarefuka, kidole cha kati kikanenepa na kubeba uzito wote, vile vya pembeni vikasinyaa. Farasi wa leo anasimama kwenye ncha ya kidole kimoja kwa kila mguu, na ukwato ndio ukucha wake.

Ushahidi bado upo mwilini. Ukipapasa mguu wa mbele wa farasi chini ya goti, nyuma ya mfupa mkuu, utahisi vijifupa viwili vyembamba, kimoja kila upande, vinavyoishia njiani bila kufika chini. Hayo ndiyo mabaki ya vidole vilivyopotea.

Tahadhari moja: mabadiliko hayo hayakufuata mstari mmoja ulionyooka, ingawa michoro mingi ya shuleni huyaonyesha hivyo. Ukoo ulikuwa na matawi mengi, na farasi wa vidole vitatu waliishi pamoja na wa kidole kimoja kwa mamilioni ya miaka. Tumebakiwa na tawi moja tu.

3. Kama alianzia Amerika, mbona inasemekana Wahispania ndio waliompeleka huko?

Yote mawili ni kweli. Farasi alitoweka Amerika kama miaka 10,000 iliyopita, wakati uleule ambapo mamothi na wanyama wengine wakubwa walikuwa wakitoweka. Wanasayansi wanabishana ni kiasi gani cha lawama kiangukie mabadiliko ya hali ya hewa na kiasi gani kiwaangukie wawindaji. Waliokwisha kuvuka kwenda Asia ndio waliookoa ukoo.

Christopher Columbus alibeba farasi katika safari yake ya pili, mwaka 1493, hadi visiwa vya Karibi. Mwaka 1519 Hernán Cortés alitua Meksiko na farasi 16. Wenyeji hawakuwa wamewahi kuona mnyama wa namna hiyo. Kilichofuata kimeelezwa katika swali la 14.

4. Je, farasi, punda na punda milia wanaweza kuzaliana?

Wanaweza, ila watoto wao kwa kawaida ni tasa. Farasi ana kromosomu 64, punda 62. Dume la punda akipanda jike la farasi, huzaliwa baghala mwenye kromosomu 63, idadi isiyogawanyika kwa jozi, na ndiyo maana mbegu zake za uzazi hazitengenezeki sawasawa. Zimewahi kutokea habari za baghala jike kuzaa, lakini ni nadra mno.

Baghala ni mvumilivu kuliko farasi, hasa milimani na penye malisho hafifu, na ndiyo sababu watu wamekuwa wakimzalisha makusudi kwa maelfu ya miaka ingawa kila mmoja hana budi kuanzishwa upya.

## Kufugwa

5. Nani alimfuga farasi kwanza?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake limebadilika sana katika miaka ya karibuni.

Kwa muda mrefu heshima hiyo ilipewa watu wa Botai, kaskazini mwa Kazakhstan, walioishi kama mwaka 3500 KK. Vijiji vyao vimejaa mifupa ya farasi, na ndani ya vyungu vyao yalipatikana mabaki ya mafuta yanayoaminika kuwa ya maziwa ya farasi. Basi ikaonekana kesi imekwisha. Mwaka 2018 vinasaba vya mifupa hiyo vilichunguzwa, na matokeo yakashangaza: farasi wa Botai si babu wa farasi wetu. Walio karibu nao ni farasi wa Przewalski (swali la 19).

Mwaka 2021 kundi la watafiti lililoongozwa na Ludovic Orlando lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya farasi wa kale zaidi ya 270 kutoka pande zote za Ulaya na Asia. Nyuzi zote zilielekea sehemu moja: nyika zilizo kati ya mito ya Volga na Don, kusini mwa Urusi ya leo. Kuanzia kama mwaka 2200 KK, farasi wa huko walianza kusambaa, na katika karne chache tu wakachukua nafasi ya karibu farasi wengine wote, kuanzia Ulaya Magharibi hadi Mongolia.

Walikuwa na nini cha pekee? Vinasaba vyao vinaonyesha mabadiliko katika jeni mbili, moja ikihusishwa na uimara wa mgongo na nyingine na utulivu wa tabia. Mnyama mwenye mgongo wa kubeba mtu na moyo usioshtuka ovyo ndiye kila mfugaji angemtaka.

6. Mbona alichelewa hivyo? Ng'ombe na mbuzi walifugwa zamani zaidi.

Kweli, mbuzi, kondoo na ng'ombe walikuwa mikononi mwa wafugaji kama miaka 10,000 iliyopita. Farasi wakati huo alikuwa nyama ya kuwindwa. Huko Solutré, Ufaransa, kuna lundo kubwa la mifupa ya farasi waliouawa na wawindaji kwa maelfu ya miaka.

Sababu za kuchelewa zinaeleweka. Jike hubeba mimba miezi kama 11 na huzaa mtoto mmoja, hivyo kuchagua tabia unazozitaka huchukua vizazi vingi vya wafugaji. Tena farasi ni mnyama aliyeumbika kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Kwa nyama peke yake, mbuzi ana faida na hana usumbufu. Farasi alipata maana watu walipotaka mwendo.

7. Watu walianza kumpanda, au kumfunga kwenye gari?

Ushahidi wa gari ndio ulio wazi zaidi. Magari mepesi ya vita yenye magurudumu mawili ya spoki yamefukuliwa kwenye makaburi ya watu wa Sintashta, kusini mwa milima ya Ural, ya kama mwaka 2000 KK. Kupanda hakuachi gari kaburini, na hatamu za ngozi au kamba huoza. Ni vigumu kuamini kwamba watu walisimamia makundi ya farasi nyikani bila vijana kuwarukia mgongoni. Ila majeshi ya wapanda farasi yalikuja baadaye sana, baada ya mwaka 1000 KK.

8. Kwa nini punda milia hakufugwa?

Si kwa kukosa kujaribu. Walter Rothschild, tajiri wa Uingereza aliyependa wanyama, aliwahi kuendesha gari lililovutwa na punda milia katika mitaa ya London. Lakini kumzoesha mnyama mmoja mmoja ni jambo moja, na kufuga ukoo mzima ni jambo lingine. Punda milia amekulia miongoni mwa simba, fisi na wawindaji wa kibinadamu kwa muda mrefu kuliko ndugu zake wa kaskazini. Ni mwepesi wa kushtuka, na akiuma haachii upesi.

Tena Afrika ilikwisha kumpata mbebaji wake. Punda alifugwa humuhumu barani, kama miaka 7,000 iliyopita, yaani muda mrefu kabla ya farasi kutulia popote.

## Mwili wake

9. Lijamu, yaani kile chuma kinachoungwa na hatamu, hukaa wapi mdomoni? Haivunji meno?

Funua mdomo wa farasi pembeni utaona jambo la ajabu: meno ya mbele ya kukatia nyasi yanaishia, kisha kuna pengo la fizi tupu, ndipo magego yaanze huko nyuma. Lijamu hukaa katika pengo hilo. Hakuna aliyelitengeneza kwa ajili yetu. Lilitokea uso ulipokuwa ukirefuka ili kuyapa nafasi magego marefu ya kusagia nyasi (swali la 2). Binadamu alilikuta, akalitumia. Nadhani hakuna kiungo kingine cha mnyama kilichobeba historia kubwa ya dunia kiasi hicho.

Kuhusu maumivu: fizi ya hapo ni laini na ina hisia. Mkono mzito kwenye hatamu huumiza, na huacha alama hata kwenye jino la jirani. Wanaakiolojia huzitafuta alama hizo hasa.

10. Ni kweli hulala amesimama?

Husinzia amesimama. Miguu yake ina mpangilio wa kano na mishipa unaokaza viungo bila misuli kuchoka, na hiyo ni kinga ya mnyama anayepaswa kuwa tayari kukimbia muda wowote. Usingizi mzito wenye ndoto humtaka alale chini, na hutosheka na muda mfupi tu kwa siku. Farasi asiyejihisi salama kulala chini kwa siku nyingi huanza kuyumba na kuanguka kwa usingizi.

11. Akipiga shoti, miguu yote huacha ardhi?

Ndiyo. Jicho haliwezi kuamua, na wachoraji walikuwa wakimchora ameruka, miguu ya mbele imenyooka mbele na ya nyuma imenyooka nyuma. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kwenye mstari, kila moja ikifyatuliwa na uzi uliokatwa na farasi akipita. Picha zilionyesha kwamba miguu yote huacha ardhi kweli, ila wakati huo huwa imekunjwa chini ya tumbo. Michoro ya karne nyingi ilikuwa imekosea.

12. Farasi mmoja ana nguvu-farasi ngapi?

James Watt alibuni kipimo hicho katika karne ya 18 ili wenye viwanda na migodi waweze kulinganisha injini yake ya mvuke na wanyama wao. Nguvu-farasi moja ya kimetriki ni kuinua kilo 75 kwa mita moja kila sekunde. Kwa kazi ya siku nzima, farasi wa kawaida hufikia kiasi hicho au hupungukiwa kidogo. Kwa sekunde chache za nguvu zote, anaweza kupita 10.

## Vita, dola na imani

13. Farasi alibadilisha vita kwa namna gani?

Kwa hatua tatu hivi. Kwanza magari. Karibu mwaka 1274 KK, huko Kadesh, Ramesses wa Pili wa Misri alikabiliana na Wahiti katika moja ya vita vikubwa zaidi vya magari ya farasi. Gharama yake ilikuwa ya kutisha: farasi waliozoeshwa kwenda wawili wawili, mafundi seremala, nafaka. Kutoka enzi hizo tumebakiwa na maelekezo ya Kikkuli, mzoeshaji kutoka Mitanni, dola ya kale kaskazini mwa Syria ya leo, yaliyoandikwa kwenye vigae vya udongo, yakipanga siku kwa siku farasi akimbie umbali gani, ale nini, aogeshwe lini.

Pili, mpanda farasi mwenye upinde. Waskithi na watu wengine wa nyika walipiga mishale huku wakikimbia, jambo ambalo majeshi ya miguu hayakuwa na dawa yake. Maliki Wu wa Uchina alipigana vita kuanzia mwaka 104 KK hadi 101 KK katika bonde la Ferghana, Asia ya Kati, ili apate farasi bora wa huko. Dola iliyosimama juu ya farasi kuliko zote ni ya Wamongolia wa karne ya 13. Kila mpiganaji alikuwa na farasi kadhaa wa kubadilisha, na wajumbe wa dola walipokezana katika vituo vyenye farasi wabichi.

Tatu, kikuku cha kuwekea mguu. Kilianza kutumika Uchina katika karne ya 4 BK, kikaenea magharibi. Ni kitu kidogo, lakini kilimpa mpandaji uimara wa kupigana bila kudondoka.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, farasi, punda na baghala wapatao milioni 8 walikufa, wengi kwa njaa, uchovu na magonjwa.

14. Wenyeji wa Amerika walipataje kuwa wapanda farasi hodari?

Ilidhaniwa kwamba yote yalianza mwaka 1680, Wapueblo walipowafukuza Wahispania kutoka New Mexico na farasi wengi wakabaki. Utafiti wa mwaka 2023 uliochunguza mifupa ya zamani umeonyesha kwamba farasi walikwisha kufika mbali kaskazini katika nusu ya kwanza ya karne ya 17, wakipita mikononi mwa wenyeji wenyewe. Jambo hilo linaafiki simulizi ambazo mataifa kadhaa ya huko yamezihifadhi. Wakomanchi na Walakota walijenga maisha mapya juu yake: uwindaji wa nyati, biashara, vita, heshima ya kijana.

15. Kwa nini farasi hakuenea Afrika nzima?

Magonjwa. Mbung'o hueneza nagana, na visubi hueneza ugonjwa wa virusi ujulikanao kama ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoweza kuua sehemu kubwa ya kundi kwa siku chache. Palipokuwa pakavu au pa juu, farasi alistawi: Ethiopia, Mali, Songhai, Bornu. Oyo, dola ya Wayoruba iliyokuwa mpakani mwa msitu, ilisimamisha jeshi la wapanda farasi kwa kununua wapya kutoka kaskazini mara kwa mara, na nguvu ya jeshi hilo ilikoma pale msitu ulipoanzia. Kusini, Wabasotho wa karne ya 19 chini ya Moshoeshoe wa Kwanza walikuwa taifa la wapanda farasi katika milima isiyo na mbung'o.

16. Ana nafasi gani katika dini?

Kubwa. Katika Kurani, Surat Al-Adiyat huanza kwa kiapo cha farasi waendao mbio huku kwato zikitoa cheche, na hadithi mashuhuri ya Mtume inasema kheri imefungwa kwenye singa za paji la farasi hadi Siku ya Kiyama. Katika Ufunuo wa Yohana, sura ya 6, wanatoka farasi wanne: mweupe, mwekundu, mweusi na wa kijivujivu. Katika India ya kale, mfalme aliachia dume lizurure mwaka mzima likifuatwa na askari, na nchi lilizopita bila kuzuiwa zilihesabiwa ni zake. Kisha likatolewa sadaka. Huko Pazyryk, kwenye milima ya Altai, wakubwa walizikwa na farasi wao, na barafu ikahifadhi hata matandiko na vinyago vya vichwani vyenye pembe za kulungu.

## Maswali ya pembeni

17. Wachoraji wa mapangoni walichora farasi wa kweli au wa kubuni?

Farasi ni miongoni mwa wanyama waliochorwa zaidi katika mapango ya Ulaya. Ubishi ulikuwa juu ya Pech Merle, Ufaransa, ambako kuna farasi weupe wenye madoa meusi ya miaka kama 25,000. Wengine walisema ni maono ya kiroho, kwa kuwa rangi hiyo ilidhaniwa ilikuja na ufugaji. Mwaka 2011 vinasaba vya farasi wa kabla ya ufugaji vilionyesha kwamba madoa hayo yalikuwepo. Mchoraji alichora alichokiona.

18. Yule farasi wa Ujerumani aliyejua hesabu alikuwaje?

Aliitwa Hans, wa Wilhelm von Osten. Aliulizwa hesabu, akajibu kwa kugonga ukwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst aligundua kwamba muuliza swali asipojua jibu, Hans naye hajui. Alikuwa akisoma kichwa cha mtu: ukwato ulipofikia idadi sahihi, muulizaji aliinuka kidogo bila kujitambua, na Hans akaacha kugonga. Hesabu hakuijua, lakini kumsoma mtu kiasi hicho ni kipaji, na wazoeshaji hukitegemea kila siku.

19. Bado kuna farasi mwitu?

Mustang wa Marekani na brumby wa Australia ni kizazi cha farasi wa kufugwa waliotoroka. Aliyebaki karibu zaidi na mwitu ni farasi wa Przewalski, ambaye Wamongolia humwita takhi: mfupi, shingo nene, singa zilizosimama wima, kromosomu 66. Hata yeye ana mjadala, kwa ukaribu wake na farasi wa Botai (swali la 5).

Mara ya mwisho alionekana porini mwaka 1969. Wachache waliokuwa katika bustani za wanyama walizalishwa, na kuanzia 1992 wakarudishwa Mongolia, ikiwemo hifadhi ya Hustai. Kwa kuwa wote wametokana na wazazi wachache mno, mwaka 2020 alizaliwa mtoto kwa kutumia seli za dume zilizogandishwa tangu 1980, ili kurudisha damu iliyopotea.

20. Ni kweli farasi wote wa mbio wana baba mmoja?

Karibu. Wale wa damu ya Thoroughbred wanahesabiwa kutoka madume matatu yaliyoingizwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Ukifuata upande wa baba peke yake, wengi mno wa leo huishia kwa Darley Arabian.

21. Farasi wa Iceland akitoka nje ya nchi anaweza kurudi?

Hapana. Kisiwa hicho kimefunga mlango wa kuingiza farasi tangu karibu mwaka 982, na marufuku hiyo inawahusu hata waliozaliwa hukohuko. Kwa kuwa wametengwa muda mrefu, hawana kinga dhidi ya magonjwa mengi ya kawaida kwingineko, na mgonjwa mmoja angeweza kuangamiza makundi. Kwa hiyo mpandaji anayempeleka farasi wake kwenye mashindano ya ng'ambo hupanga kabisa, kabla ya kuondoka, nani atabaki naye huko.